Mtoto wa Dar Anataka Mtu na Mahali

(Hotuba iliyotolewa na mwalimu wa chekechea katika mkutano wa wazazi na walezi, Tabata, Dar es Salaam. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya walioshindwa kufika.)

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za mchana, wazazi wangu?

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, walimu wenzangu, mama zangu, baba zangu, na bibi zetu mliokaa hapo mbele, shikamooni. Najua Jumamosi ilivyo. Ni siku ya kufua, ya soko, ya msiba na ya kitchen party, na bado mmekuja. Nawashukuru sana.

Nimeombwa niseme juu ya kuwalea na kuwachangamsha watoto wadogo katika jiji hili. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Niwaulize: katika umati huo, mtoto wako wa miaka mitatu anaongea na watu wangapi kwa siku? Siongelei wanaompita, wala wanaomwambia "tulia", "toka hapo", "acha kelele". Naongelea mtu anayemtazama usoni, akamsikiliza, akamjibu. Wangapi?

Karibu kila wiki mzazi ananifuata getini ananiuliza, "Mwalimu, nimnunulie nini mtoto achangamke?" Baiskeli? Tableti? Mwanasesere anayeimba? Nawajibu wote jibu moja, na leo nalisema mbele yenu nyote. Mtoto anataka mtu. Mtoto anataka mahali. Vikipatikana hivyo viwili, hata visoda vya mtaani vinamtosha kuchezea mpaka jua lizame.

Nianze na mtu.

Mzazi anakaa Mbezi Mwisho, kazi yake iko Kariakoo. Saa kumi alfajiri ameamka, saa kumi na moja yuko kituoni. Mabasi ya mwendokasi tumeyapata tangu mwaka 2016 na yamesaidia, lakini mvua ikinyesha na bonde la Jangwani likijaa maji, barabara inafungwa na watu wanashuka kwa miguu. Huyu mzazi anaingia nyumbani saa tatu usiku, siku nyingine saa nne. Na mtoto anataka kumwona baba, kwa hiyo anasubiri. Analala saa nne. Alfajiri saa kumi na moja anaamshwa, maana gari la shule linaanza kuzunguka mapema. Hesabuni pamoja nami: saa nne usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Ni saa saba. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto walio chini ya miaka mitano, na kwa mtoto wa miaka mitatu na minne likasema alale saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana.

Halafu tunaletewa mtoto tunaambiwa, "Huyu mbishi, analialia, hataki kula." Wazazi wangu, mtoto huyu ana usingizi. Ana usingizi tu! Mlazeni. Baba akichelewa, amwone asubuhi. Dakika kumi za asubuhi, mtoto akiwa ameamka vizuri, zinazidi saa nzima ya usiku akiwa anasinzia kwenye kochi.

Mtaniuliza: mwalimu, hizo dakika zenyewe ziko wapi? Nitawaambia habari ya mama mmoja anayeuza samaki. Anakwenda Feri kukiwa bado giza, anazunguka na beseni, akirudi mchana amechoka kabisa. Hana pesa ya kununua midoli, na hana nguvu ya kukimbizana uani. Lakini ana jambo moja hakubali mtu alishike: kumwogesha mtoto wake. Anamweka kwenye beseni, anampa kikombe na kopo lililotobolewa matundu, mtoto anamwaga maji. Mama anatega, "Kitendawili!" Mtoto anaitikia, "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Mtoto anawaza, anataja vitu kumi vya ajabu, akishindwa anampa mama mji, na mama anaupokea, anakwenda, anakula kila kizuri cha huko, anarudi na jibu: yai. Siku ya pili mtoto anatega yeye. Yule mtoto akija darasani anasimulia kuliko wenzake wote. Anauliza maswali. Anajua kusubiri zamu ya kusema. Ameyapata wapi? Kwenye beseni la kuogea.

Serikali yetu ilizindua Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile tunayoiita MMMAM. Kati ya mambo yake matano, pamoja na afya, lishe, ujifunzaji wa awali na usalama, kuna malezi yenye mwitikio. Mama wa samaki hajasoma waraka wowote, lakini anachofanya kwenye beseni ndicho hicho hicho. Mtoto anatoa sauti, anajibiwa. Anaonyesha kidole, mtu anatazama anakoonyesha. Kwenye daladala mnaweza. Mkichambua mchele mnaweza. Mkipanga foleni ya maji bombani mnaweza.

Na akina baba, nawaona mnavyotazama chini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawapa siku tatu za likizo ya uzazi. Ni chache mno, nakubali. Lakini kumvisha mtoto viatu asubuhi hakuhitaji likizo.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye jambo ambalo katika mikutano kama hii huwa halisemwi. Nataka tuzungumze juu ya dada.

Nani anakaa na mtoto wako kuanzia unapotoka mpaka unaporudi? Kwa wengi wetu ni dada wa kazi. Saa kumi na mbili, saa kumi na nne kwa siku, huyo ndiye mtu wa mtoto wako. Yeye ndiye anayemlisha, anayemfuta kamasi, anayemwimbia akilia. Je, mara ya mwisho kukaa naye kumwuliza juu ya mtoto ilikuwa lini? Sisemi kumwuliza kama vyombo vimeoshwa. Sisemi kumwuliza nani amekula nyama. Ni juu ya mtoto: leo amecheka nini, leo ameogopa nini, leo amejifunza neno gani?

Kuna nyumba moja walimleta binti kutoka Singida. Mtoto wa nyumba ile alikuwa na miaka minne, mpole kupita kiasi, hachezi na wenzake darasani. Baada ya miezi michache nikamwona amebadilika. Anaokota kokoto uwanjani, anazipanga, anarusha moja juu, anadaka, anahesabu. Akawakusanya wenzake akawafundisha. Nikamwuliza mama yake, naye hajui habari hiyo imetoka wapi. Nikaomba kuonana na dada. Akaja ameinamisha kichwa, anadhani ameitwa kugombezwa. Kumbe kila mchana, akimaliza kufua, alikuwa anakaa na mtoto kwenye sakafu ya baraza wanacheza mdako, na jioni wanafinyanga vyungu kwa udongo wa nyuma ya nyumba. Hakumwambia mama. Alificha! Alificha kwa sababu tangu afike alikuwa ameambiwa, "Usinikalie tu, hapa kuna kazi."

Nilimwambia yule mama, na ninyi nawaambia: kucheza na mtoto ndiyo kazi. Ndiyo kazi kubwa kuliko zote ulizompa. Ukirudi ukakuta vyombo havijaoshwa na mtoto ana udongo mpaka masikioni, anacheka, mshukuru huyo binti, vyombo mtaosha pamoja.

Tena tuseme ukweli wote. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Sheria hiyo hiyo inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini kabisa wa kufanya kazi, na inakataza kazi inayomdhuru. Kwa hiyo katika nyumba zetu nyingi mtoto analea mtoto. Kama uliye naye ana miaka 16, naye anahitaji kulala, anahitaji kula mezani, anahitaji kuongea na mama yake kwa simu, anahitaji mshahara wake kwa wakati na siku ya kupumzika. Binti anayelala jikoni na kutukanwa mbele ya mtoto atatoa wapi furaha ya kumpa mtoto wako? Atatoa wapi? Kumtendea vizuri ni haki yake kwanza, hata kama mtoto wako asingefaidika chochote.

Wanaopeleka watoto kwenye vituo vya kulelea mchana, kwenu nina machache. Uliza kama kituo kimesajiliwa, maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri watakuambia. Ingia ndani bila miadi. Tazama kama kuna ua wa kukimbilia. Na ukikuta mtoto wa miaka mitatu anakalishwa kwenye dawati asubuhi nzima kunakili herufi, mtoe, mtafutie kwingine.

Nije kwenye simu.

Mwongozo ule wa mwaka 2019 unasema mtoto chini ya mwaka mmoja asiwekewe skrini kabisa. Wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni vizuri zaidi. Wakati huo huo mwongozo unataka mtoto wa umri huo autembeze mwili wake, acheze, aruke, apande, kwa dakika 180 kwa siku. Saa tatu! Nani hapa mtoto wake anaruka saa tatu? Na nani hapa mtoto wake anatazama katuni saa tatu?

Sitaki kumgombeza mtu. Mama anayepika chakula cha kuuza, peke yake, na jiko la mkaa linawaka chini, akimpa mtoto simu ili asiungue, anamlinda kwa kitu alichonacho. Namwelewa. Lakini yupo baba mmoja, dereva wa bodaboda, mtoto wake alifika mahali hataki kula mpaka awekewe katuni. Simu ikizimika, mdomo unafungwa. Yule baba hakupiga kelele wala hakumchapa. Alianza kumshirikisha. Jioni akirudi anamkalisha kwenye mkeka, anampa sinia dogo la mchele achambue chuya na yeye. Siku nyingine maharage. Siku ya chapati anampa donge lake la unga alikande mpaka liwe jeusi, nalo linapikwa, nalo linaliwa. Wiki za mwanzo alilia sana, tusidanganyane. Baadaye akaanza kula, kwa sababu chakula kile alikuwa amekigusa, amekijua, na baba alikuwa mbele yake anakula naye. Mtoto mdogo hatofautishi kazi na mchezo. Mpe kitambaa afute, mpe soksi afue, mpe vifuniko vya sufuria atafute kila kimoja na sufuria yake.

Sasa mahali. Hapa ndugu zangu naomba mnisikilize sana, maana hili halimalizwi na mama mmoja ndani ya chumba chake.

Waliozaliwa Dar zamani wanakumbuka. Kulikuwa na kiwanja cha kombolela, kiwanja cha rede, mahali pa kusukuma tairi. Leo tunaishi vyumba viwili vya kupanga, ua umejaa ndoo na kamba za nguo, ukifungua geti ni bodaboda. Na yale maeneo ya wazi yaliyochorwa kwenye ramani za mitaa yako wapi? Mengine yamekuwa gereji. Mengine yamekuwa fremu. Mengine yana ukuta na mbwa. Mtoto amebaki na korido.

Matokeo yake tunawatoa watoto mara mbili tatu kwa mwaka, Idd na Krismasi, wote kwa pamoja. Mnaikumbuka Tabora? Siku ya Idd, tarehe 1 Oktoba 2008, watoto wapatao 20 walifariki katika ukumbi wa disko toto, wamejazana ndani, hewa hakuna. Watoto waliovaa nguo mpya. Tangu hapo kila sikukuu ikikaribia polisi wanatangaza marufuku ya disko toto, na wanafanya vyema. Lakini jiulizeni, kwa nini watoto walikuwa wamejazana kiasi kile mahali pamoja? Mtoto aliyenyimwa kucheza mwaka mzima atakwenda popote atakapopelekwa siku hiyo moja.

Kwa hiyo tuwatoe mara nyingi, kidogo kidogo, na kwa gharama ndogo. Jiji hili lina mahali. Nenda Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama, kilichoanzishwa miaka ya sitini, mtoto aingie kwenye msonge wa Wahaya ainame mlangoni, aone giza la ndani, atoke akimbilie nyumba nyingine. Mtoto wa miaka minne hataki maelezo ya historia, anataka kuinama mlangoni. Nenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, akaone magari waliyopanda viongozi wetu. Nenda Maktaba Kuu, barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa mwaka 1967, ina sehemu ya watoto. Kaa na mtoto chini ya miti ya Bustani ya Botania, mle mandazi yenu, mrudi. Mpandishe kivuko cha Kigamboni kwenda na kurudi, bila kushuka kwenda popote. Baba mmoja alimpeleka mwanawe kwenye kivuko akimtaka aangalie meli kubwa bandarini, na mtoto hakuitazama hata moja. Alitazama kamba nene inavyozungushwa, akaiuliza habari zake mpaka wakafika nyumbani. Mwacheni atazame kamba! Safari ni yake.

Coco Beach nendeni asubuhi maji yakiwa yamepwa, kwenye mwamba kuna vidimbwi vyenye kaa wadogo na konokono. Mkono wa mtoto usiachiwe, na simu ikae mfukoni. Bahari haipigi kelele inapomchukua mtoto. Maji ya kifundo cha mguu yanamtosha.

Lakini kutoka kwa wiki mara moja hakutoshi kama nje ya geti hakuna pa kukanyaga. Nitawapa mfano wa mbali kidogo. Amsterdam, Uholanzi, baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilikuwa na viwanja vitupu kila upande, nyumba zimebomolewa, na watoto wengi. Kuanzia mwaka 1947 msanifu majengo kijana wa halmashauri, Aldo van Eyck, akapewa kazi ya kutengeneza viwanja vidogo vya michezo. Havikuwa na mambo makubwa: sanduku la mchanga, vyuma vya kuning'inia, mawe ya kurukia, benchi la wazazi. Wakazi walipoona cha kwanza, wakaanza kuandika barua kwa halmashauri: na sisi kwetu pale kona kuna kipande, tuwekeeni. Kwa miaka thelathini hivi vikafika zaidi ya 700. Angalieni jambo moja hapo: wananchi waliandika barua. Walikuwa wameshaona kipande.

Na msiseme hayo ni ya Ulaya tu. Hapa hapa Dar es Salaam ulianza mradi wa shirika la Amend wa kuweka matuta, vivuko na njia za miguu kwenye barabara zinazopita karibu na shule za msingi, ili watoto wasigongwe. Mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji, WRI Ross. Tuta na rangi ya pundamilia! Vitu ambavyo mtaa wowote unaweza kuvidai.

Wako majirani ninaowafahamu, uchochoro wao unapitika na magari machache. Waliongea na mwenyekiti wao wa mtaa, na kila Jumapili alasiri wanaweka mabenchi mwanzo na mwisho wa uchochoro kwa saa mbili. Bodaboda wanazunguka njia nyingine, wengine ni baba wa watoto wale wale. Bibi mmoja anatoa kiti chake anakaa katikati, yeye ndiye mlinzi na mwamuzi. Wakubwa wanacheza rede, wadogo wanazunguka ukuti, wengine wamekaa vumbini wanajipikilisha kwenye makopo. Wazazi wanabadilishana zamu, wawili wanaangalia, wengine wanapumzika. Hakuna aliyelipa hata senti.

Mheshimiwa mwenyekiti, nimekutazama kwa makusudi, na nimefurahi umetikisa kichwa kukubali.

Ninachoomba leo ni hiki. Pale mlangoni kuna daftari. Ukitoka, andika kipande chochote cha ardhi unachokijua katika mtaa wako ambacho mtoto anaweza kuchezea: pembeni ya ofisi ya mtaa, nyuma ya msikiti, uwanja wa kanisa siku za kazi, uchochoro usio na magari. Andika na kinachokizuia: taka, maji machafu, gari bovu lililoegeshwa miaka. Mwenyekiti na mimi tutayapeleka kwa mtendaji wa kata, na maeneo yanayosemekana ni ya wazi tutaomba tuonyeshwe kwenye ramani.

La pili, kikao kijacho kitakuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa tisa alasiri, hapa hapa. Kikao hicho si cha wazazi. Ni cha dada wa kazi. Waje bila watoto, watoto mtabaki nao ninyi. Tutakuwa na chai, tutabadilishana michezo ya makwao, na watatuambia wao watoto wetu wakoje. Wapeni nauli, na jioni wakirudi msiwapokee na vyombo.

Asanteni sana. Nani ana swali?